Nogawa: Mto Unaotoka Chini ya Genge

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Tokyo, ila si ile ya maghorofa. Ni vitongoji vya magharibi, kando ya Nogawa, mto wa kilomita 20 hivi unaoanzia Kokubunji na kuingia mto Tama kule Futako-Tamagawa. Kaka Salimu, mtu aanzie wapi?

SALIMU: Kituo cha Kokubunji, mlango wa kusini. Aulizie Otaka no Michi, kijia kando ya mchirizi, kama dakika 20 kwa miguu. Mto wenyewe asiutafute hapo. Ndani ya Kokubunji umebanwa na saruji katikati ya nyumba, hauna njia. Anayeng'ang'ania kuufuata kwenye ramani ya simu ataishia kuzunguka kuta za watu.

REHEMA: Na mchirizi huo unatoka Masugata, chemchemi ya chini ya genge. Hilo genge lieleze, maana ndilo mama wa mto.

SALIMU: Wenyeji huliita hake. Juu pana udongo wa majivu ya volkano, chini yake changarawe. Udongo hunywa mvua, maji yanashuka mpaka kwenye changarawe, halafu yanatokeza pale genge linapokatika. Joto lake halibadiliki sana, kwa hiyo Januari ukitia mkono utayaona vuguvugu.

REHEMA: Na Januari hiyohiyo ukifika Koganei, mji unaofuata mtoni, waweza kukuta kokoto tupu!

SALIMU: Ee, dada. Majira ya baridi Tokyo haipati mvua nyingi, chemchemi zinapungua, na sakafu ya mto inavuja. Maji yanazama njiani. Lami nayo imechangia: mvua inakimbilia mitaroni badala ya kuzama ardhini. Ndiyo maana Koganei nyumba nyingi zimewekewa vishimo vyenye matundu, maji ya paa yanywewe palepale uani.

REHEMA: Kwa hiyo mwezi gani?

SALIMU: Wengi watakwambia mwanzo wa Aprili, kwa ajili ya sakura, maua ya mcheri. Mimi nasema mwisho wa Oktoba: mvua za vuli zimeshajaza chemchemi, na jua halichomi. Agosti usithubutu, kingo hazina kivuli.

REHEMA: Kutoka daraja la Kuraone, pale unapoingia Koganei, kingo zinakuwa za nyasi, unaweza kushuka mpaka majini. Mdiria mtafute kwenye matawi yaliyoinamia vidimbwi. Kwanza utasikia mluzi mkali, kisha mshale wa buluu.

SALIMU: Mbingu ikiwa nyeusi, panda juu. Mitaro ya mitaa yote inamwaga humo, na maji hupanda ghafla.

REHEMA: Vyoo viko bustani ya Musashino na ya Nogawa. Hii ya pili ilikuwa uwanja wa gofu wa chuo kikuu, ikafunguliwa kwa umma 1980, ndiyo maana nyasi zake zina vilima laini. Mapipa ya taka usiyategemee, beba mfuko.

SALIMU: Hapo utakuwa umetembea kilomita sita, saba. Kurudi, nenda kituo cha Shin-Koganei, ubadilishe treni Musashi-Sakai. Reli ni moja tu. Treni ikikuacha, nyingine ni baada ya dakika 12.