Mlima Kenya Kutoka Paa la Ploti: Kamera ya Bei Nafuu kwa Taimulapsi za Mbali

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuamka mapema Jumamosi ya baridi namna hii. Kabla sijasema mengi, tazameni picha hii ukutani. Hayo mbele ni majengo ya katikati ya jiji. Nyuma yake, lile jino jeusi lenye doa jeupe, ni Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Niliipiga Madaraka, hapa Nairobi, juu ya paa la ploti ninayokaa, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Kamera yenyewe ni Canon 600D, toleo la 2011, niliyoinunua mtumba.

Taimulapsi mnaijua: unapiga picha moja kila baada ya sekunde kadhaa, kisha unaziendesha 25 kwa sekunde, na wingu lililochukua dakika 20 hivi kupita linapita kwa sekunde 10. Ukipiga kila baada ya sekunde 5, hizo sekunde 10 zinakudai picha 250. Hesabu hiyo ishikeni, tutaihitaji.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni, “Mzee, ninunue lenzi ndefu kiasi gani?” Dada mmoja ameniuliza hapo mlangoni hata sijaingia. Jibu langu huwaudhi watu: milimita 250 zinatosha, na huenda tayari unazo. (Milimita zikizidi, lenzi inavuta karibu zaidi.)

Tupige hesabu pamoja. Sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, kwa kamera kama hii 600D ina upana wa milimita 22 hivi. Kutoka hapa hadi Batian ni karibu kilomita 140. Zidisha 22 kwa 140, gawanya kwa 250. Unapata kilomita 12 na kidogo. Maana yake upana wote wa picha yako umebeba kilomita 12 za mlima, na vile vilele vyenyewe ni vya kilomita chache tu. Kwa lenzi ya milimita 55 inayokuja na kamera utabeba kilomita 56, na Batian atakuwa kama punje ya mchele kwenye sinia. Hiyo haitoshi, nakubali.

Sasa sikilizeni. Picha ya 600D ina nukta (pikseli) 5,184 kwa upana. Gawa zile kilomita 12 kwa nukta hizo: kila nukta inabeba mita mbili na nusu hivi za mlima. Na video ya kawaida ya HD inahitaji nukta 1,920 tu. Kwa hiyo unaweza kukata katikati ya picha na kutupa kando zote, ukapata mlima mkubwa mara 2.7 bila kuongeza hata shilingi. Ukinunua lenzi ndefu zaidi, unataka kuona kitu kidogo kuliko mita mbili na nusu kupitia kilomita 140 za hewa, vumbi na moshi wa jiko. Hewa hiyo haikubali. Ikishapata joto inachezacheza, mlima unakuwa kama unaoutazama juu ya sufuria inayochemka.

Niliyajifunza haya kwa pesa zangu. Niliwahi kununua ile lenzi ya zumu ya milimita 420 hadi 800, nyembamba kama bomba la sinki, ambayo muuzaji alinisifia hadi nikaona aibu kuondoka bila kuinunua. Inaanzia f/8.3, ukiivuta hadi mwisho ni f/16, na namba hiyo ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo. Alfajiri haioni kitu. Nilingoja mwanga, na mwanga ulipokuja ukaja na upepo. Halafu saa kumi na mbili na nusu mtunza ploti akawasha pampu ya maji, paa zima likanguruma, na picha mia mbili na kitu zikawa uji. Asubuhi yote ile nilibaki na picha moja inayoonekana, ya kanga ya jirani iliyoanikwa.

Kwa hiyo ukiwa na shilingi kumi, nne zipeleke kwenye stendi. Ndiyo, stendi. Ile ya plastiki inayokunjika hadi ikaingia kwenye mkoba ni ya simu. Tafuteni ya chuma, nzito, hata kama imechubuka, na msiivute ile nguzo ya katikati juu. Ning'inizeni mfuko wa mchanga chini yake, lakini uguse sakafu kidogo, la sivyo upepo utaubembeza. Au iacheni stendi kabisa: shoneni mfuko wa kitambaa, tieni kilo mbili za maharagwe, muulaze juu ya ukuta wa paa na kamera juu yake. Mimi hutumia dengu, zinajikunja vizuri zaidi. Na zimeni kile kidude cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi. Juu ya stendi huwa chenyewe ndicho kinachotikisa.

Shilingi tatu ni za kamera, mbili za lenzi. Na kwenye lenzi nina upendeleo wangu: zile za zamani za kufunga kwa skrubu, M42, milimita 135 au 200, pamoja na adapta ya kuzifunga kwenye kamera; ukikata katikati ya picha, hata hizo zinatosha. Si kwa sababu ya ubahili tu. Lenzi za kisasa hufungua na kufunga tundu la mwanga kwa kila picha, na halirudi palepale kabisa. Picha moja huoni tofauti. Picha 250 zikienda mbio, mbingu inapepesa kama balbu inayokaribia kuungua. Lenzi ya zamani ukiiweka f/8 kwa kidole, inakaa f/8 mpaka uirudie.

Mkienda kununua mtumba, iwe kwenye maduka ya Luthuli jijini au kwa mtu mliyepatana naye, bebeni tochi ya simu. Mulikeni lenzi kutokea nyuma, mtazame mbele. Vumbi si kitu. Lakini mkiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na lenzi zilizokaa Pwani huwa nao sana. Rudisheni kwa adabu. Ulizeni pia shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga, imepiga mara ngapi. Za kamera kama 600D hukadiriwa mara laki moja hivi, nanyi mtakuwa mkila 250 au 500 kila asubuhi.

Shilingi iliyobaki ni ya betri ya pili na rimoti ya kupiga kwa vipindi. Kwa 600D hata rimoti si lazima: programu ya bure ya Magic Lantern hufanya kazi hiyo. Fokasi ishikeni kwa mkono, mkikuza picha mara kumi kwenye kioo cha nyuma, kisha bandikeni selotepu kwenye ringi.

Muda mzuri zaidi wa kupiga ni kuanzia kabla jua halijatoka hadi saa moja na nusu, asubuhi iliyofuata mvua. Jua haliwezi kuwachoma machoni, maana mlima uko kaskazini na kusogea mashariki kidogo, nalo huchomoza kulia kwenu mwaka mzima. Saa tatu, mabati yakipata moto, fungasheni mkanywe chai.

Hii hapa ni 135 yangu, ina ukungu kidogo pembeni. Ipitisheni, na mwenye tochi aimulike aone nilichokuwa nikisema.