Jeni, Mfupa na Mbwa wa Baraka

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka leo macho mekundu.

BARAKA: Tangu Jumanne silali. Binamu yangu kanitumia majibu ya maabara ya mwanawe. Osteosakoma, saratani ya mfupa, juu kidogo ya goti. Kapigwa kemo, zile dawa za kuua saratani, uvimbe umetolewa, majibu yanasema asilimia 85 ya seli za saratani zimekufa. Nyumbani ni vigelegele. Mimi najua madaktari wanatafuta 90 kwenda juu.

ZUHURA: Ukasema?

BARAKA: Nikawaambia wakamuulize daktari wake. Wakanirushia jingine: jeni za uvimbe zingepimwa mapema, zingetuonyesha kama mtoto atapona?

ZUHURA: Ndiyo mada yenyewe. Nina mambo matatu hapa. La kwanza...

BARAKA: Kabla ya hilo, mbwa.

ZUHURA: Nilijua! Kipindi cha figo alituletea ngamia.

BARAKA: Huyu ana haki yake. Mbwa wa maumbo makubwa, Rottweiler, Great Dane, wanaugua osteosakoma kuliko sisi, tena mbali. Na ukiangalia jeni zipi zimechachamaa ndani ya uvimbe, wa mbwa na wa mtoto wanakaribiana mno.

ZUHURA: Hapo sikubishii.

BARAKA: Chukua ezrini. Ni protini inayoshikiza utando wa seli kwenye nyuzi za ndani. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba mbwa wenye ezrini nyingi, saratani iliwasambaa mapema. Watoto wenye ezrini nyingi nao hali zao zikawa mbaya zaidi. Kwenye panya wakaipunguza, uvimbe wa mapafuni ukapungua.

ZUHURA: Na mapafu ndiko inakokimbilia zaidi. Sasa turudi kwa...

BARAKA: Mbwa anaishi miaka michache, Zuhura! Majibu ya dawa unayapata haraka.

ZUHURA: Jamani, mbwa huyu.

BARAKA: Basi kila mtoto apimwe jeni.

ZUHURA: Apimwe ufanye nini? Kulikuwa na jaribio la matibabu ya osteosakoma, EURAMOS-1, nchi 17. Wale ambao uvimbe haukufa vya kutosha, wengine wakaongezewa dawa mbili za kemo, ifosfamidi na etoposidi. Matokeo ya 2016: hawakupona zaidi, ila sumu ya dawa iliongezeka. Hatari ilijulikana, dawa bora haikuwepo.

BARAKA: Lakini ukijua, mapafu unayapiga picha mara kwa mara. Unatafuta jaribio la dawa mpya mapema.

ZUHURA: Kama ungejua kweli. Ugonjwa ni nadra, timu inachukua wagonjwa wachache, inatoa orodha yake ya jeni za kutabiri nani atapona. Timu nyingine ikijaribu, orodha haisimami. Jeni ya MYC ikizidi ni dalili mbaya, sawa. Jeni za makrofaji, seli za kinga, zikiwa nyingi, wagonjwa wanaelekea kuishi zaidi, sawa. Hayo ni ya kundi. Kwa mtoto mmoja kitandani unampa mama yake namba ipi?

BARAKA: Ile iliyopo. Ni mwanawe, ni haki yake kuijua.

ZUHURA: Namba isiyohakikiwa si taarifa, ni hofu.

BARAKA: Hofu wanayo tayari.

ZUHURA: Kwa hiyo uwaongezee?

BARAKA: Nisiwafiche.

ZUHURA: Sijasema ufiche.

BARAKA: Umesema usipime. Usipopima umeficha.

ZUHURA: Hapana, Baraka. Hapo sikufuati.

BARAKA: Nami sihami.

ZUHURA: Fundi ananionyesha saa. Mambo yangu matatu hata moja sijaligusa.

BARAKA: Taja basi vichwa vya habari.

ZUHURA: Dakika imeisha. Wiki ijayo, na asije mnyama yeyote.

BARAKA: Panya ruksa?