Mbolea Yako Iko Mita Moja Chini

Sogeeni karibu, ila msikanyage ukingo, udongo bado haujakaza. Mwenye boma ametukubalia tutumie shimo la choo chake kabla fundi hajaanza kujenga, nasi tunamshukuru. Mimi hufundishia mashimoni kila nikiweza, kwa sababu ubao hauonyeshi haya.

Tazameni ukuta huu. Juu, kina cha jembe hivi, udongo umekolea weusi na umejaa mizizi. Chini yake wekundu unaanza, na ukisugua donge kwa vidole, linanata kuliko lile la juu. Mfinyanzi umeongezeka. Sehemu yake imetoka huku juu: chembe zisizofikia milimita 0.002 hubebwa na maji ya mvua kupitia nyufa na vijitundu, na maji yakifyonzwa na udongo mkavu wa chini, chembe hubaki ukutani, kama chai inavyoacha duara kikombeni.

Mama hapo, hebu pasua donge hilo. Unaona linang'aa? Tusiharakishe kusema mfinyanzi umeshuka, maana udongo ukivimba na kusukumana hung'aa vilevile. Lakini angalieni hili tundu la mzizi uliooza zamani. Ndani yake hakuna kilichosukumana, na bado limepakwa utando laini mwekundu. Huo umeletwa na maji.

Sasa yale yasiyoonekana, ambayo kwangu ndiyo yenye pesa. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, alieleza mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukipata maji, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuozesha mboji haraka. Naitrojeni nyingi hufunguka wakati huo. Kwetu ni Machi, mvua ndefu zinapoanza. Na mahindi yako wakati huo? Ndiyo kwanza yanachungulia, mizizi haijafika popote. Naitrojeni ikishageuka naitreti huyeyuka na kufuata maji chini.

Kwingine ingepotelea mbali. Udongo wetu mwekundu wenye asidi una oksidi za chuma na aluminiamu zinazobeba chaji chanya, hasa huku chini ambako mboji ni haba. Naitreti ina chaji hasi, kwa hiyo hushikwashikwa njiani na kuchelewa. Miaka ya 1990 watafiti waliochimba mashamba ya magharibi mwa Kenya waliikuta imerundikana kati ya nusu mita na mita mbili, chini ya mahindi yaliyokuwa na njaa. Palipopandwa sesbania, mti mdogo unaokua haraka, mizizi yake iliifuata huko na kuipandisha. Majani yakianguka na kuoza, shamba linarudishiwa chake.

Fosforasi haina safari hizo. Udongo huuhuu huikamata pale ulipoiweka na kuing'ang'ania. Gunia moja la DAP, mbolea ya kupandia, basi, lina virutubisho viwili vyenye tabia mbili: naitrojeni ni mtembezi, fosforasi haibanduki. Ndiyo maana siwaelewi wanaomwaga mbolea yote ya kukuzia, ile ya naitrojeni, siku moja. Gawanya mara mbili, mizizi iikute. Fosforasi weka karibu na mbegu.

Na choo hiki nacho kitatoa naitreti, kwa hiyo kisima kiwe mbali, tena upande wa juu wa mteremko.

Msidhani kila mahali ukuta utakuwa hivi. Kule tambarare za Kano, karibu na Kisumu, udongo mweusi hupasuka kiangazi, wa juu hutumbukia nyufani, mvua ikirudi unavimba na kujikoroga. Matabaka hayapati nafasi ya kutengana. Ukielekea Busia na Siaya utakuta maramu: chuma kilichoyeyuka palipotuama maji, kikakutana na hewa, kikaganda kuwa mawe. Nakuru, kando ya ziwa, safari ni ya kupanda. Jua huvuta maji juu, maji huondoka, magadi hubaki. Halafu kuna mchwa, ambao hupandisha mfinyanzi bila kumwuliza mtu. Wafyatua matofali wanajua.

Kabla hatujamwachia fundi shimo lake: wengi mkipeleka udongo maabara mnachota sentimita 20 za juu tu. Chukueni na wa kina cha mita moja, kwenye mfuko wake, uandikwe kina. Waombe wakupimie naitreti kwenye yote miwili, na usiukawize njiani ukiwa mbichi, maana vijidudu havilali mfukoni.