Mlango Ambao Kipindupindu Hakiufungi

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa kwenye mikeka hapa mbele. Nimeombwa nizungumze juu ya seli, yaani vile vijichembe hai vinavyoujenga mwili, na namna mwili unavyojiweka sawa. Mwili una seli za aina nyingi, nami leo nitashika moja tu, ile ya ukuta wa utumbo mwembamba, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi nilipelekwa kambi ya kipindupindu. Nikamkuta mama mmoja na mwanawe wa miaka mitatu. Kikombe cha maji ya ORS, yale ya sukari na chumvi ya kunywa mtu anayeharisha, kilikuwa kimejaa pomoni kando ya kitanda. Nikamuuliza mbona hampi. Akaniambia, "Mwanangu, kila akinywa anaharisha. Nikimpa, si nazidi kummaliza?" Sikuwa na jibu. Nilifundishwa kusema "mpe", sikufundishwa kueleza kwa nini. Mtoto alitundikiwa dripu akapona, alhamdulillah, lakini swali la yule mama nimekaa nalo miaka yote hii.

Tuanze na seli ikiwa nzima. Wavuvi mliopo mnajua kwamba ngalawa haikosi kuingiza maji, na ndiyo maana kuna mtu na upo wake anafua maji safari nzima. Seli nayo inavuja. Nje yake sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni nyingi, takriban 140 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ndani ni kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume chake: ndani 140, nje 4. Sodiamu haichoki kupenya ndani, na potasiamu haichoki kuponyoka nje. Kwenye utando wa seli kuna protini iliyoshika upo: kila mzunguko inatoa sodiamu 3 na kurudisha potasiamu 2. Aliyeigundua ni Mdenmaki, Jens Christian Skou, mwaka 1957, na Tuzo ya Nobeli akaja kupewa 1997. Hapo ulipolala fofofo, karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili inakwenda kwenye pampu hiyo peke yake. Ikisimama, sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata, seli inavimba mpaka inapasuka.

Maji huifuata chumvi. Hilo moja mlishike, mengine yote yanatoka hapo.

Sasa twendeni utumboni. Seli ya pale ina pande mbili: upande mmoja unatazama chakula, wa pili unatazama damu. Pampu ziko upande wa damu. Zinaitoa sodiamu bila kupumzika, kwa hiyo ndani ya seli sodiamu inakuwa chache kila wakati, na ile iliyo kwenye chakula inavutwa kuingia. Upande wa chakula kuna milango kadhaa, na mmoja kati yake una ajabu yake: haufunguki mpaka sodiamu 2 na glukosi 1, yaani sukari, zifike pamoja. Sodiamu ikija pekee, haipiti hapo. Sukari ikija pekee, nayo haipiti. Zikishikana zinaingia, na maji yanafuata nyuma. Robert Crane, mwanasayansi wa Marekani, aliueleza utaratibu huu katika mji wa Prague, Ulaya, mwaka 1960. Kila nikiufikiria namshukuru Muumba.

Kipindupindu kinafanya nini? Kijidudu chenyewe hakiingii ndani ya seli wala hakiutoboi ukuta. Kinakaa juu yake na kumwaga sumu. Sumu ndiyo inayoingia, inabana swichi moja ikabaki imewaka, na seli inaanza kumwaga kloridi, mwenzake sodiamu katika chumvi, kwenye utumbo. Sodiamu inaifuata kloridi, maji yanazifuata zote mbili. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Macho yanazama, ngozi ukiifinya hairudi, mkojo unakatika.

Lakini ule mlango wa sukari na chumvi, sumu haiugusi! Seli inamwaga huku na wakati huohuo inaweza kupokea kule. Hili ndilo jibu la yule mama. Maji anayoyaona yakitoka yangetoka hata asingempa mtoto kitu, na yale ya kikombeni yanaingia kwa mlango mwingine.

Mji wetu huu ulilipia gharama ya kutolijua hilo. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akiishi hapa Unguja, alitoa kitabu mwaka 1876 akieleza jinsi kipindupindu kilivyofuata njia za misafara kutoka bara hadi Pangani, kikavuka bahari na kutufikia 1869. Aliona maiti nyingi, dawa hakuwa nayo. Ilibidi ipite karibu karne nzima. Mwaka 1968 madaktari wa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, walionyesha kwamba mgonjwa akinywa maji yenye glukosi na chumvi kwa kipimo, mahitaji yake ya dripu yanapungua sana. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akachanganya sukari na chumvi kwenye madramu, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4.

Kipimo ndiyo roho ya dawa hii. Soda na juisi zina sukari nyingi kupita kiasi, na sukari iliyobaki utumboni inayavuta maji kutoka mwilini. Dafu, tunalolipenda wote, lina potasiamu tele lakini sodiamu yake ni haba. Pakiti ya ORS ndiyo bora. Someni imeandikwa ya maji kiasi gani, maana si zote ni za lita 1. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya msawazo, si vya mlima. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kwa kijiko, polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea au akishindwa kunywa, msikae nyumbani, mkimbizeni hospitali.

Kwenye meza ile kuna madumu mawili niliyochanganya asubuhi hii. Mama zangu, njooni muonje kabla hatujaanza maswali. Moja ni sahihi, la pili nimezidisha chumvi kwa makusudi. Lililo sahihi halizidi ukali wa chumvi ya machozi.