Biashara ya mchanga wa silika kwa viwanda vya Katanga
Mhadhara uliotolewa Lubumbashi

Waheshimiwa walimu, ndugu zangu wahandisi, baba na mama wa vyama vya ushirika vya wachimbaji, na ninyi wenye malori mliokaa kule nyuma,

Mchanga mweupe unaweza kukataliwa kiwandani, na mchanga wenye rangi ya kutu ukapokelewa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi hapa mjini hudhani kwamba kuwa na mchanga mwingi na mzuri wa macho ni kuwa na biashara. Biashara ya silika, yaani madini yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga huo, huanza na karatasi ya mnunuzi, inayoeleza anataka silika asilimia ngapi, chembe ziwe na ukubwa gani, na ni uchafu upi asiouvumilia. Anayechimba kabla ya kuisoma karatasi hiyo amechimba mchanga wa kujengea nyumba, nao bei yake mnaifahamu.

Tuanze na mnunuzi aliye karibu nasi, yaani tanuru la shaba. Makinikia ya salfidi, yaani madini yaliyosagwa na kuchujwa ambayo shaba yake imeungana na salfa, yanapoingia tanuruni hubeba shaba, chuma na salfa kwa pamoja. Oksijeni huunguza salfa na kugeuza sehemu kubwa ya chuma kuwa oksidi, na oksidi hiyo haiondoki vizuri mpaka iungane na silika. Vikiungana hufanya skoria, yaani taka ya tanuru, ambayo huyeyuka kwenye joto la takriban digrii 1,200 za Selsiasi, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko mchanganyiko wa shaba na salfa ulio chini yake, huelea juu na kumwagwa nje. Silika ikipungua, chuma hugeuka magnetiti, oksidi ya chuma isiyoyeyuka kwa urahisi, ambayo hurundikana kwenye sakafu ya tanuru na kuifanya skoria iondoke na shaba isiyopaswa kuondoka. Silika ikizidi, skoria huwa nzito kutiririka. Kwa hiyo msimamizi wa tanuru hajali sana kwamba mchanga wako una chuma kidogo, kwani chuma anacho tele. Kinachomkera ni kupokea leo mchanga wenye silika asilimia 92 na kesho wenye asilimia 80, kwa sababu hesabu yake yote ya mchanganyiko imevurugika.

Mtu ataniuliza: mbona tanuru la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na hatukusikia wazee wetu wakisifika kwa kuuza mchanga? Jibu liko kwenye madini yenyewe. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba shaba ya Katanga enzi za ukoloni, ilianza na madini ya oksidi yaliyokuwa karibu na uso wa ardhi, ndani ya miamba iliyokuwa tayari na silika yake. Leo wachimbaji wameshuka kwenye salfidi, na matanuru ya kuyeyusha salfidi yako Kolwezi na ng'ambo ya mpaka, huko Chambishi, Mufulira na Kansanshi nchini Zambia.

Hata hapo msikimbie na malori. Tanuru la Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, limesanifiwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, na tarakimu hiyo imewafanya baadhi ya wafanyabiashara kuota milima ya mchanga. Lakini makinikia ya huko yanajulikana kuwa na silika nyingi kiasi ndani yake, kwa hiyo hitaji lake la mchanga haliwezi kukisiwa kwa kuangalia tani za shaba peke yake. Tena yapo matanuru yanayopendelea kutumia madini maskini ya shaba yaliyo ndani ya mwamba wa silika badala ya mchanga mtupu, kwani silika hufanya kazi yake na ile shaba kidogo nayo huokolewa. Mwenye madini hayo ni mshindani wako, na mara nyingi ana bei nzuri kuliko yako.

Kioo ndicho kila mtu anachokitaja, nami ninadhani kinatajwa mno. Kioo cha kawaida ni silika kwa zaidi ya asilimia 70, iliyoyeyushwa pamoja na soda na chokaa, na kioo kisicho na rangi huhitaji mchanga ambao oksidi ya chuma ndani yake haizidi takriban asilimia 0.03. Chuma kikizidi hapo chupa inaanza kuwa ya kijani. Kufika kiwango hicho kunadai kuosha, kusugua chembe kwa chembe, kupitisha kwenye sumaku zenye nguvu, na pengine kutumia tindikali. Bila kiwanda cha kioo kilicho jirani, mtambo wa namna hiyo ni deni tu.

Kusubu vyuma ni jambo jingine. Likasi wanaijua kazi hiyo tangu zamani kwa sababu ya karakana za Panda. Msubuji hutafuta chembe za mviringo, zenye ukubwa unaokaribiana, zisizo na udongo wa mfinyanzi uliozikalia, ili kalibu ipitishe gesi. Anajua pia kwamba kwatzi, yaani silika ya fuwele iliyo mchangani, hutanuka ghafla kwenye digrii 573 za Selsiasi, na kalibu isiyoandaliwa vizuri hupasuka hapo. Idadi ya tani anazonunua ni ndogo, lakini hulipa vizuri. Vituo vya kusafisha maji vinafanana naye: vinataka chembe zilizochekechwa kwa uangalifu, mara nyingi kati ya nusu milimita na milimita moja.

Sasa nije kwa wenye malori. Mchanga ni mzito na bei yake ni ndogo, kwa hiyo barabara huula kabla haujafika. Mfano mkubwa ninaoujua unatoka Marekani. Visima vya mafuta vya Texas, ambavyo hutumia mchanga kuzuia nyufa za mwamba zisifunge, vilikuwa vikinunua mchanga wa Wisconsin, mgumu na wa mviringo, uliosafirishwa kwa treni zaidi ya kilomita 1,500. Kuanzia mwaka 2017 yakafunguliwa machimbo magharibi ya Texas kwenyewe, ya mchanga ambao kwa ubora ulikuwa chini. Wanunuzi walihamia huko, kwa kuwa walilinganisha bei ya mchanga uliofika kisimani, wala si bei ya machimboni. Mwaka 2020 kampuni za mchanga za Covia na Hi-Crush ziliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao. Kati ya Lubumbashi na Kolwezi ni kilomita kama 300. Piga hesabu ya mafuta kwanza, pamoja na siku ambazo lori litasimama mpakani Kasumbalesa ikiwa mnunuzi yuko Zambia.

Piga hesabu ya maji pia. Lori la tani 30 lenye unyevu wa asilimia 6 limebeba tani 1.8 za maji. Mkataba uandikwe kwa tani kavu, na sampuli ichukuliwe mchanga unapomwagika, si kwa kukwangua juu ya lori. Sisi tuna bahati ya miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ambapo jua na upepo hukausha bila mazuti. Anayejenga ghala la kutosha miezi ya mvua atamshinda anayenunua mashine ya kukaushia.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 hutoza vifaa vya ujenzi vya matumizi ya kawaida mrabaha wa asilimia 0, na madini ya viwandani asilimia 1. Kwa hiyo matumizi ya mchanga yaandikwe wazi kwenye ombi la kibali cha machimbo mnalopeleka CAMI, ofisi ya serikali inayosajili haki za madini.

Limebaki vumbi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa pumzini katika kundi la visababishi vya saratani, na kabla ya hapo silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, ilikuwa imeua mamia ya wafanyakazi wa handaki la Hawk's Nest, West Virginia, lililochimbwa kuanzia mwaka 1930. Vumbi linaloua ni lile lisiloonekana. Marekani iliweka mwaka 2016 kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa zamu ya saa 8, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la aina hiyo. Maji ya kunyunyizia, barakoa zinazostahili na picha za mapafu za kila mwaka ziingizwe kwenye bei ya tani tangu mazungumzo ya kwanza na mnunuzi. Mkishasaini, hatakubali kuziongeza.