Jinsi ya Kupima Umbali Unaouona Ndani ya Miwani ya Uhalisia Pepe

Assalaam aleikum watazamaji, na karibuni Lamu. Leo tutapima jinsi mtu anavyokadiria umbali akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe, yaani kifaa cha kichwani kinachoonyesha mandhari iliyotengenezwa na kompyuta, ambamo vitu mara nyingi huonekana karibu kuliko programu ilivyoviweka.

Tafuteni ukumbi wenye urefu usiopungua mita 10. Vyumba vya nyumba zetu za kale havifai, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na mwenye kufumba macho humo ataishia ukutani. Ufukweni nako msiende: jua likipenya lenzi huunguza skrini ya ndani.

Choreni mstari kwa chaki, kisha wekeni ndoo mita 4 mbele yake. Mpimwaji aitazame vizuri, afungwe kitambaa machoni, ndoo iondolewe kimyakimya, naye atembee hadi anapodhani ilikuwapo. Msaidizi atie alama penye ncha za vidole vya miguu, halafu amrudishe kwa kumzungusha, angali amefungwa macho, ili asihesabu hatua wala asijue amekosea kiasi gani. Hapo ndipo wengi huharibu zoezi, kwa kumwonyesha mtu alama yake mapema. Bila miwani, watu wengi hufika karibu na penyewe.

Sasa avae miwani. Lenzi zilingane na nafasi iliyo kati ya mboni zake, ambayo kwa watu wazima ni wastani wa milimita 63 hivi, na sakafu ya programu iwe sawa na ile anayoikanyaga. Jambo hili la sakafu si dogo, kwa sababu ubongo hukadiria umbali kwa pembe ambayo jicho hushuka kutoka upeo wa macho hadi kitu kinapogusa ardhi. Sakafu ikiwekwa juu mno, ndoo huonekana mbali zaidi, na kipimo hakina maana tena. Rudieni zoezi kwa ndoo ya kidijitali, macho yakiwa yamefumbwa, msaidizi akitembea ubavuni.

Gawanyeni umbali uliotembewa kwa umbali uliowekwa, mzidishe kwa 100. Aliyetembea mita 3.2 badala ya 4 amepata asilimia 80. Msimwulize tu "ni mita ngapi?", maana jibu la mdomo hubahatisha. Upungufu huo wa umbali ndani ya miwani huchangiwa na uzito wa kifaa kichwani na ufinyu wa uwanja wa kuona: miwani mingi huishia karibu nyuzi 110, ilhali macho matupu hufikia takribani 200.

Mwisho, mwacheni atembee humo kwa dakika chache macho wazi, kisha mpimeni tena. Pengo kwa kawaida hupungua, kwa hiyo mtu huyo asihesabiwe tena miongoni mwa wageni wa miwani.