Jinsi ya kupitisha alama maalumu kwenye anwani ya wavuti bila data kukatika njiani

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo weka kihariri na kivinjari kandokando, maana kila nitakachoandika nataka na wewe uandike. Tunashughulikia tatizo lililonitesa siku mbili nzima: mteja anajaza taarifa zake vizuri, lakini zikifika kwenye skripti ya seva, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, zimekatwa au zimebadilika.

Kwanza tengeneza faili, liite pokea.php, na ndani yake weka mistari hii miwili:

<?php
var_dump($_GET);

Fungua dirisha la amri kwenye folda hiyohiyo, andika php -S localhost:8000 kisha ingiza. Seva ndogo imewaka. Sasa nenda kwenye kivinjari, andika anwani hii kama ilivyo:

localhost:8000/pokea.php?duka=Chumvi&Pilipili&simu=+255700

Namba nimeifupisha ili isiwe ya mtu. Ingiza, halafu tusome jibu taratibu. Duka limekuwa "Chumvi" tu. Imezaliwa paramita mpya, yaani jina na thamani yake, inayoitwa Pilipili, haina kitu ndani. Na simu, tazama kwa makini hapa, ni " 255700". Mbele ya 2 kuna nafasi tupu, na ile alama ya kujumlisha haipo.

Hiyo nafasi ndiyo iliyoniumiza. Niliwahi kutengeneza ukurasa wa oda wa duka moja, na namba zote za wateja zikaingia hivyo. Ujumbe wa kuthibitisha oda haukumfikia hata mmoja. Mwenye duka alishinda anapigiwa simu na watu waliodhani wameibiwa hela zao. Hakukuwa na hitilafu yoyote kwenye skrini, kila kitu kilionekana kizima.

Kwa nini inatokea? Kwenye anwani, alama fulani zina kazi zake. Alama ya kuuliza inafungua paramita. Alama ya sawasawa inatenganisha jina na thamani. Alama ya "na", yaani &, inamaliza paramita moja na kuanzisha nyingine. Alama ya kujumlisha, kwa desturi ya fomu za wavuti tangu zamani, inasomwa kama nafasi. Seva haiwezi kujua kwamba & yako ilikuwa sehemu ya jina la duka.

Alama ya reli, yaani #, ni kali zaidi. Jaribu hii:

localhost:8000/pokea.php?menyu=*150*00#

Hiyo ni namba ya menyu ya M-Pesa hapa Tanzania, mtu yeyote anaweza kuiandika kwenye fomu yako. Jibu linakuja "*150*00". Reli haikutoka kabisa kwenye kompyuta ya mteja: kuanzia # kwenda mbele, kivinjari kinabaki nayo chenyewe na hakiitumi kwa seva. Kwa hiyo usihangaike kuitafuta upande wa seva, hutaipata.

Dawa yake ni kusimba. Alama yenye kazi inabadilishwa kuwa alama ya asilimia ikifuatiwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Alama ya & ni namba 38 kwenye ASCII, yaani orodha ya namba za herufi na alama za msingi, na 38 kwa mfumo wa kumi na sita ni 26, basi inaandikwa %26. Kujumlisha ni %2B, reli ni %23, nafasi ni %20, na asilimia yenyewe ni %25. Herufi zilizo nje ya ASCII huchukua zaidi ya baiti moja kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na kila baiti inasimbwa peke yake. Ukiandika jina kwa herufi za Kiarabu, mim pekee inakuwa %D9%85. Kanuni zenyewe ziko kwenye waraka wa RFC 3986 wa Januari 2005, na mmoja wa walioandika ni Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti.

Usisimbe kwa mkono. Tengeneza faili la pili, tuma.php:

<?php
$data = ['duka' => 'Chumvi & Pilipili', 'simu' => '+255700'];
echo 'pokea.php?' . http_build_query($data);

Lifungue kwenye kivinjari, utaona duka=Chumvi+%26+Pilipili&simu=%2B255700. Ile + iliyobaki ni nafasi, na kujumlisha halisi kumekuwa %2B. Ukiwa na thamani moja tu, tumia rawurlencode, inayoandika nafasi kama %20. Nakili anwani hiyo, bandika baada ya localhost:8000/ na uangalie: kila kitu kimefika kizima.

Kama anwani inaundwa kwenye JavaScript, tumia encodeURIComponent kwa kila thamani. Ipo nyingine inaitwa encodeURI, na wengi huichukua kwa kuwa jina lake ni fupi. Hiyo inaziacha &, + na # kama zilivyo, kwa hiyo kwa kazi yetu haifai. Na usisimbe anwani nzima kwa mkupuo, utasimba hata zile & zinazotenganisha paramita.

Sasa upande wa kupokea. PHP inakusimbulia yenyewe kabla hujagusa $_GET. Naomba usiite urldecode tena. Mteja akiandika 1+1 na ukasimba vizuri, $_GET inakupa "1+1". Ukisimbua mara ya pili inakuwa "1 1", umeiharibu mwenyewe mlangoni. Kinyume chake, ukisimba mara mbili, %26 inageuka %2526, na mteja anaona %26 katikati ya jina lake.

Tukae kidogo kwenye ritifaa, kwa sababu Kiswahili kinaitumia kila siku: ng'ombe, Chang'ombe, Ng'ambo, Murang'a. Kwenye anwani yenyewe haileti fujo, na encodeURIComponent huiacha bila kuisimba. Fujo inaanza ukiirudisha ndani ya HTML. Ukiandika value='Chang'ombe', kivinjari kinafunga thamani baada ya g, na mkazi wa Chang'ombe anabaki na "Chang". Tumia hivi:

htmlspecialchars($_GET['eneo'], ENT_QUOTES)

Kuanzia PHP 8.1 ritifaa inashughulikiwa hata usipotaja ENT_QUOTES, ila seva nyingi bado zina matoleo ya zamani, kwa hiyo itaje. Amri hiyohiyo inamzuia mtu mbaya kupenyeza msimbo wake kwenye ukurasa wako.

Kwenye hifadhidata ritifaa hiyo hiyo inaweza kuvunja swali lako la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, au kumfungulia mtu mlango wa kulibadilisha. Kusimba anwani hakukulindi hapo, kwa kuwa thamani ikifika imeshasimbuliwa. Tumia prepare na execute za PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata, thamani ipite pembeni ya swali. Tutaifanyia video yake.

Jaribio la mwisho. Kwenye tuma.php badilisha thamani ya duka iwe hii, ukiizungushia alama za nukuu mbili kwa sababu ya ritifaa:

"Chang'ombe & Temeke 100% #5 +1"

Chukua anwani iliyotoka, ipeleke kwenye pokea.php, kisha linganisha herufi kwa herufi. Ikipungua hata alama moja, niandikie hapo chini ni ipi na anwani yako inasomekaje, nami nitakujibu.